Ukuta Kati ya Meno na Shela

6 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri na kiwanja kimejaa maji. Mjenzi wetu, ambaye sote tunamwita Fundi Zege kwa sababu neno hilo haliishi mdomoni mwake, amepiga simu kusema msingi wa nyumba yetu mpya umegeuka bwawa na hatarudi mpaka mvua ikatike. Nimelalamika tangu chai ya asubuhi. Hatimaye mke wangu akasema kutoka upande wa pili wa pazia, "Mzee wangu, nina shanga hapa zinataka utulivu. Hebu kalalamike kwenye karatasi."

Basi nimekuja kulalamika kwenye karatasi.

8 Machi

Mvua.

9 Machi

Karatasi haitujui, kwa hiyo nitangulize maelezo. Mimi natengeneza meno ya bandia. Mke wangu anashona magauni ya harusi. Sote tunafanya kazi sebuleni, yeye upande wa dirishani, mimi upande wa mlangoni, na katikati linaning'inia pazia la kijani ambalo ni la zamani kuliko mtoto wetu. Sofa tulishaihamishia chumbani. Kwa mlango huohuo mmoja wanaingia mabibi harusi na wapambe wao, wanacheka kwa meno yote waliyojaliwa, na wanaingia wateja wangu, wameziba midomo kwa leso. Wakikutana mlangoni, wangu hurudi nyuma na kusema wamesahau kitu nyumbani. Mtaani mke wangu anaitwa Mama Shela. Mimi ni Mzee Meno, na sijawahi kupewa nafasi ya kuchagua.

Nyumba mpya imechorwa na mkwe wetu, mke wa mwanangu, ambaye ni msanifu majengo. Ni sanduku refu la zege lililopandishwa juu ya karakana mbili. Juu ni makazi, chini ni kazi. Karakana ya shela ina mlango unaotazama mtaa mmoja na karakana ya meno ina mlango unaotazama mtaa mwingine, maana kiwanja kiko kwenye kona, ili bibi harusi na kibogoyo wasionane mpaka Siku ya Kiyama. Hakuna ngazi. Kuna njia ya mteremko inayopanda polepole mpaka juu, "kwa ajili ya magoti ya baadaye, baba," alisema mkwe wangu, nami nikanuna kwa niaba ya magoti yangu. Paa ni bapa kama meza. Nimeuliza maji ya mvua yatakwenda wapi, nikajibiwa kuna mlizamu. Mlizamu mmoja, kwa mvua kama hii.

Na kati ya karakana mbili kuna ukuta wa zege kutoka sakafuni hadi darini. Huo niliuomba mimi mwenyewe. Mwaka juzi vumbi la fizi za bandia, ile rangi ya waridi, lilipenya chini ya pazia likatua kwenye gauni jeupe, na bibi harusi wa watu akaenda kuolewa na mgongo wenye rangi ya ufizi. Mke wangu hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Mkwe alipokuja na karatasi zake nikamwambia, "Weka ukuta, mwanangu, na usiache hata tundu la sisimizi."

12 Machi

Kuna jambo nimelizunguka tangu siku ya kwanza. Leo naliandika kisha nafunga mdomo.

Mke wangu haoni vizuri. Anaona sura za watu, anaona gauni likianguka vibaya mabegani, anajua nyeupe ya maziwa na nyeupe ya chaki. Lakini kitu kidogo kilicho mbele ya pua yake kinayeyuka. Daktari wa macho alisema hatakuwa kipofu, ila macho hayatarudi yalivyokuwa na miwani haitasaidia. Vidole vyake vimechukua kazi hiyo. Anapapasa mshono, anajua. Jioni mimi huvaa ile lenzi yangu ya kutazamia meno na kukagua kila pindo, na bado sijaona kosa la kumwonyesha.

Kitu kimoja tu vidole vyake haviwezi, kutunga uzi kwenye tundu la sindano. Kwa hiyo mkono wake hupenya kwenye pazia, sindano na uzi katikati ya vidole. Naacha nilichoshika, natunga, narudisha. Hatusemi kitu. Ni hivyo siku nzima, na mteja aliyekaa kwenye kiti changu akiwa ameachama hajui hata kidogo kinachopita juu ya kichwa chake.

Ameniapisha nisimwambie mtu. Mwanetu ni mhasibu, kijana mzuri, lakini ana ugonjwa wa kuwapumzisha watu. "Akijua tu," mke wangu alisema, "hiyo nyumba haitakuwa na karakana ya shela. Itakuwa na chumba cha bibi kizee kukaa akingoja chai."

Nilipoomba ukuta alikuwa bado anaona mpaka nyusi za sisimizi. Sasa nautaka ukuta uondoke, na sina sababu ya kutoa isipokuwa ile niliyoapishwa.

15 Machi

Nimempigia mkwe simu. Mtu hawezi kumvamia mkwe kwa maneno makavu, hasa huyu wangu anayejibu "ndiyo, baba" kabla sentensi haijafika mwisho. Nikauliza kazi, nikauliza afya, nikauliza mvua ya huko, kisha nikasema, "Nilikuwa nauwaza ule ukuta, mwanangu. Sijui kama utafaa."

"Nimekuelewa, baba."

Nikakata simu nikiwa mwepesi.

17 Machi

Imekuja ramani mpya. Ameongeza unene wa ukuta.

19 Machi

Mkwe amehamia kwetu. Anasema maadam kiwanja kimelala, anataka kukaa nasi atuone tunavyofanya kazi, "nisije nikawajengea watu ninaowadhania." Mke wangu akampokea kwa mikono miwili, akambeba na mwavuli wake kwa maneno matamu mpaka chumbani, kisha akarudi akanifinya kiunoni nikaona nyota.

"Sasa tunafanyaje?" nikanong'ona.

"Tunafanya kazi," akasema. "Wewe fyata ulimi wako."

21 Machi

Mbinu ya kwanza. Kabla ya chai nilimtungia sindano nyingi, nikazichomeka kwenye mto wake, kila moja na mkia wake wa uzi. Kufikia saa nne mikia ilikuwa imesokotana mpaka ikabidi kuikata yote kwa mkasi. Kile kichuma cha kutungia uzi nilichomnunulia mwaka jana alikivunja siku ileile, nadhani kwa makusudi. Alisema ni cha wazee. Basi tumerudia pazia letu, mkono ukitokea pale tu mkwe anapogeukia kwingine.

Mkwe amekaa kwenye kigoda pembeni na futi yake ya chuma. Anapima kila kitu. Amepima urefu wa meza, amepima mke wangu anavyonyoosha mkono kufikia mkasi, amenipima mimi kuanzia kigoda mpaka kiwiko. Nikamuuliza kama ananishonea suti. "Hapana, baba," akasema kwa adabu zote. Hana mzaha hata wa dawa. Mwanangu alimpendea nini, sijui.

22 Machi

Mvua. Bati la chumbani linavuja juu ya upande wangu wa kitanda. Upande wake mkavu.

24 Machi

Leo nimecheka mpaka nikajifanya nakohoa.

Mkwe alitandaza ramani mezani kwa mke wangu. Mke wangu akaishika kichwa chini miguu juu, akaitazama kwa utulivu mkubwa, akaweka kidole mahali na kusema, "Nzuri sana, mwanangu. Hili dirisha hasa ndilo nimelipenda."

Kidole kilikuwa juu ya shimo la choo.

Mkwe akatazama kidole, akamtazama mama mkwe wake, akatazama tena kidole. "Ndiyo, mama," akasema. "Litaleta mwanga mzuri." Nikasema moyoni, huyu binti ana heshima iliyopitiliza, mtu anaweza kumwambia anaishi kisimani naye akaitikia.

25 Machi

Asubuhi mkwe amekuja upande wangu akiwa amefunga mikono nyuma.

"Baba, hii jasi unayotengenezea kalibu za meno, inaweza kutengeneza nyumba?"

"Nyumba ya ukubwa gani?"

Akaonyesha ukubwa wa sinia. "Ramani ni za kutazama tu," akasema. "Ningependa mtu aweze kuishika."

Nikamwambia mimi ni mtu wa meno, si wa makazi. Akajibu kwamba nyumba nayo ni kitu kinachotakiwa kukaa vizuri mdomoni mwa mtaa, kisiume, kisicheze. Sikutarajia kusikia hivyo kutoka kwake. Nikasema nitajaribu.

29 Machi

Nimekuwa mtoto wiki hii nzima. Wateja wawili nimewaomba warudi baada ya mvua, na hawakulalamika, labda kwa kuwa bila meno ni kazi kulalamika.

Tulianza na karakana za chini. Mkwe anakata maboksi, mimi nakoroga jasi, namimina, tunangoja. Jasi ikishika huwa ya moto kidogo, na yeye hakujua. Aliweka kiganja juu ya ukuta mdogo akasema, "Ina homa." Nikamwambia kila jino limepitia homa hiyo. Akacheka, na ana mwanya mzuri wa mbele ambao sijawahi kuuona, maana kwa kawaida mbele yangu hufunga mdomo. Nimefanya kazi ya midomo maisha yangu yote na wa nyumbani kwangu sikuwa nimeuona ukifunguka.

Njia ya mteremko ilivunjika mara mbili. Nguzo tulizitengeneza kwa plastiki ya meno, kwa hiyo nyumba yetu imesimama juu ya nguzo za rangi ya ufizi. Mkwe alizitazama muda mrefu akasema anafikiria kuzipaka rangi hiyo hata zile za kweli. Nikadhani anatania, kumbe hatanii.

Leo mchana paa likakauka. Nikasema sasa tuone ubishi wako, mwanangu, nikaenda jikoni nikaleta birika la maji na kuanza kumimina juu ya lile paa bapa, bila huruma, kama mvua hii ya nje. Maji yalikusanyika kidogo, yakasita, kisha yakaelekea yote kona moja na kutoka kwenye mlizamu kwa mstari mmoja mwembamba mpaka kwenye kikombe alichokuwa amekitega. Halikubaki hata tone juu. Kumbe paa halikuwa bapa. Lina mwinamo mdogo ambao jicho halioni.

"Sikutaka kubishana nawe, baba," akasema.

"Ungebishana tu," nikamwambia. "Mimi hulala vizuri nikishabishana."

30 Machi

Nyumba imewekwa mezani kwa mke wangu. Tulikuwa tumeifanya ya vipande vinavyoinuliwa, paa na lile sanduku la juu, ili aingize mkono. Alifunga macho, akaanza kutembeza vidole. Akaingia mlango wa shela, akalipata dirisha lake refu, akaguna kwa raha. Akapanda mteremko kwa vidole viwili, polepole, akafika juu, akapapasa jikoni. "Hapa nimesimama napika," akasema, "na hapa nawaona watu wa mtaa." Akarudi chini. Akaufuata ukuta wa katikati, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha tena kutoka mwisho mpaka mwanzo. Akautandika kiganja.

"Mnene," akasema.

"Baba aliuomba, mama," mkwe akajibu.

Mke wangu akageuza uso upande wangu na kutabasamu ili nisijisikie vibaya. Nilijisikia vibaya.

2 Aprili

Mvua ilipumzika, Fundi Zege akanichukua twende tukaone kiwanja. Tumekuta vyura. Nondo zimeshika kutu kidogo, anasema si neno, zege litaimeza. Kuna bango lenye picha ya nyumba ambalo mkwe alilisimamisha kabla ya mvua, na watu wanasimama na miavuli yao kubishana. Mmoja anasema ni kituo cha mafuta. Mwingine anasema ni zahanati. Mama mmoja anayekaa jirani amekata shauri kwamba ni sanduku tu, basi. Fundi Zege anasema tayari watu wanaelekezana kwalo: nyoosha mpaka Sanduku, kisha kulia.

Nilirudi mchana nikiwa na wasiwasi, kwa sababu gauni la Jumamosi lilikuwa na shanga nyingi na sikuwepo wa kutunga uzi. Nikakuta shanga zimejaa kifua kizima. Kigoda changu kilikuwa kimesogezwa karibu na pazia na taa yangu ilikuwa inawaka.

"Umeshonaje?" nikanong'ona.

"Nimeshona," akasema.

Nadhani alimwomba bibi harusi mwenyewe. Kigoda atakuwa alikisogeza mkwe kwa kupima pima kwake.

3 Aprili

Mvua. Nimemaliza meno ya juu ya mwalimu mkuu mstaafu. Ameyajaribu kwa kuniita mvivu, akasema yanafaa.

7 Aprili

Mwanetu amekuja kula nasi. Aliingia akiwa amelowa, akavua shati, kifungo kikadondoka. Akalichukua shati akampelekea mama yake mbele yetu sote, pamoja na sindano na uzi kutoka mezani, akasema, "Mama, nishonee hapahapa kama zamani."

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha chakula, hakuna pazia, hakuna mimi ubavuni. Akachukua sindano. Akachukua uzi. Nilisimama nikakaa tena kama mtu aliyekalia moto. Uzi ulikwenda kando ya sindano, ukarudi, ukaenda kando tena, na yeye akaanza kuzungumza kwa sauti kubwa kuhusu bei ya lesi.

"Hebu lete hapa," mkwe akasema, na akamnyang'anya vyote viwili. "Mume ana mke, bado vifungo vyake anampelekea mama. Watu wakisikia wataniona sina mikono."

Mwanangu akacheka. Mimi sikupendezwa. Kumnyang'anya mama mkwe kitu mkononi si adabu, hata kama imetuokoa.

Tulipokuwa tunakula, mwanangu akaanza. Mama umeshona vya kutosha. Mama pumzika. Ile karakana ya shela kwa nini isiwe sebule ya chini, mkae mtazame barabara? Mke wangu alikuwa anatafuna na akaacha kutafuna.

"Ramani imeshapitishwa," mkwe akasema.

"Si unaweza kuibadilisha? Wewe ndiye uliyeichora."

"Mimi ndiye niliyeichora," akasema, "na haibadiliki." Hakupandisha sauti. Mwanangu akamtazama, akaona afadhali aongeze mboga.

Nilifurahi, kisha nikakumbuka kwamba kama haibadiliki basi na ukuta haubadiliki.

10 Aprili

Tumegombana. Mkwe alikuwa amekwenda sokoni, na mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tuligombana kwa kupiga kelele, jambo ambalo hatulijui vizuri.

Nikamwambia nasema kweli yote leo. Akasema nikisema hatanisamehe. Nikamuuliza basi tuuondoe ukuta kwa uongo gani. Akataja uongo wa namna tatu nne, wote wa kitoto. Mimi nitasema naogopa upweke. Yeye atasema anapenda kelele za mashine yangu. Nitahamishia kigoda changu nje, chini ya dirisha lake. Nikasema na mvua je, akasema nitavaa koti.

Hapo tulicheka. Kisha akakaa, akalishika mapajani gauni alilokuwa analishona, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi nitaacha, mzee wangu. Nimeshavisha wengi. Si lazima mtu ashone mpaka kufa."

Sijui kuandika mambo ya moyoni. Nampenda mwanamke huyu. Nimempenda akiwa na kiuno chembamba na sasa nampenda zaidi, na kitu ninachokipenda kuliko vyote ni ule mkono unapotokea kwenye pazia bila mwili, unangoja, una hakika kwamba nipo. Nimejenga ukuta wa kuukata mkono huo, na niliujenga kwa mapenzi. Kesho nikimwona mkwe nitasema, asamehe asisamehe.

11 Aprili

Nilimkuta mkwe ameshaamka, amekaa upande wangu, nyumba ya jasi iko mbele yake. Nikavuta pumzi.

"Mwanangu, nina neno."

"Mimi pia nina ombi, baba. Naomba unitobolee." Akanionyesha alama ya penseli kwenye ukuta wa katikati. "Kwa ile mashine yako ya meno."

Nikasahau neno langu. "Nitoboe nini?"

"Tundu la hewa. Karakana mbili zilizofungwa namna hii zinahitaji hewa ipite. Ni kosa langu, nilipitiwa."

Nikaitazama alama. Mimi si msanifu lakini nimeishi na hewa muda mrefu. "Tundu la hewa huwekwa juu, karibu na dari. Hapa ni chini. Hapa ni usawa wa mtu aliyekaa."

"Ndiyo, baba," akasema. "Hewa ya nyumba hii hupita chini kidogo."

Hakuinua uso. Alikuwa anapangusa vumbi ambalo halikuwepo. Nami nikakumbuka futi yake ya chuma, urefu wa kigoda changu mpaka kiwiko, mkono wa mke wangu ukinyooka. Nikakumbuka ramani iliyoshikwa kichwa chini, na nani siku ya pili yake aliniomba nyumba ya kushikwa. Niliona aibu kidogo na furaha nyingi, na vyote viwili nikavimeza, kwa sababu kama yeye ameamua kutojua, mimi ni nani nimwambie kwamba anajua.

"Na vumbi langu?" nikauliza.

"Litakuwa na kifuniko kwa upande wako. Unakifungua hewa inapohitajika."

Nikavaa lenzi, nikawasha mashine, nikatoboa. Jasi ilitoka kama unga. Nililisawazisha tundu lile kwa uangalifu kuliko jino lolote, kingo zote laini, zisikwaruze.

Alipoamka, mke wangu alipapasa ukuta wake kama kawaida ya siku hizi. Kidole kikazama. "Nini hiki?"

"Hewa," nikasema.

"Aa," akasema. Akakiacha kidole humo kwa muda.

12 Aprili

Mkwe amerudi kwake. Nyumba imepwaya. Nimemtengenezea kifutio cha jasi chenye umbo la jino. Hakifuti kitu, lakini amekichukua.

20 Aprili

Mvua nyepesi.

2 Mei

Fundi Zege amerudi kazini, anatukana matope.

14 Mei

Mabishano makubwa kiwanjani. Fundi Zege hataki kuweka tundu kwenye ukuta. Anasema huo ni ukuta wa zege, unabeba nyumba, na hakuna mtu mwenye akili anayetoboa ukuta wa zege usawa wa kiuno kwa ajili ya hewa wakati kuna madirisha marefu kama treni. Akanigeukia, mwanamume kwa mwanamume. "Mzee, mwambie mkweo."

"Hewa ni kitu muhimu," nikasema.

Mkwe akamshukuru kwa ushauri, akamwuliza hali ya watoto, akamweleza nondo zitakavyozunguka tundu, akamwuliza tena hali ya watoto. Mpaka saa sita kisanduku cha mbao kilikuwa kimepigiliwa mahali pake, ndani ya mbao za ukuta, tayari kungoja zege. Mwanzoni nilidhani adabu ya binti huyu ni woga.

15 Mei

Wamemimina. Haikunyesha.

21 Mei

Wanafunzi wa chuo cha ujenzi wamekuja kuchora kiwanja chetu. Wanatwambia nyumba hii itakuja kufundishwa. Mmoja alikaa muda mrefu akitazama lile tundu, akaandika maelezo mengi kuhusu upepo.

27 Mei

Jua, tangu asubuhi mpaka jioni. Leo wamefungua mbao, tukaenda watu watatu, mimi, mke wangu na mkwe. Mwanangu yuko kazini anahesabu.

Ukuta umetoka mzuri, una alama za mbao kama nyuzi za kitambaa. Chumba bado hakina sakafu wala dirisha. Mke wangu aliingia upande wake, akipapasa. Mkwe akampindulia ndoo ya saruji akakaa. Kisha mkwe akanifuata upande wangu, nikapinduliwa na mimi ndoo yangu. Tundu lilikuwa palepale, kwenye kiwiko. Kupitia humo nilimwona kitambaa cha kichwa na kipande cha shavu.

"Hewa inapita?" nikauliza.

Nikasikia anachakura kwenye upindo wa kitambaa chake, na kidogo hivi mkono ukatokea kwenye tundu la zege, bila mwili, na vidoleni umeshika sindano na uzi. Kumbe alitoka navyo nyumbani.

Nikapapasa kifua. Lenzi nilikuwa nimeiacha mezani, na miwani pia. Nikajaribu bila. Tundu la sindano likawa mawili, nikalenga lile ambalo halikuwepo. Nikaulamba uzi, nikajaribu tena. Mkono ulikuwa bado unangoja, kiganja juu, una hakika kwamba nipo, na mimi nipo, lakini sioni.

Mkwe akanichukulia sindano taratibu kutoka vidoleni. Akatunga kwa mkupuo mmoja, akaiweka kwenye kile kiganja, na vidole vya mke wangu vikavishika vidole vya mkwe kidogo kabla ya kuviachia.

"Asante, mwanangu," sauti ikasema kutoka upande wa pili.

Nilibaki mdomo wazi kwenye ndoo yangu. Mkwe aliinama akitazama viatu vyake, na mwanya wake ulikuwa nje wote.

"Tangu lini?" nikauliza, sijui nilimwuliza nani.

"Tangu siku ile ulipokwenda na Fundi Zege kutazama vyura," mke wangu akasema ndani ya ukuta. "Nilitoa mkono nikasahau hupo. Akatunga, akanirudishia. Siku nzima."

"Na ukajua si mimi?"

"Mzee wangu, wewe unalamba uzi."

"Na hukuniambia."

"Yeye hakusema, nami sikusema. Ningeanzaje?"

Nikamgeukia mkwe. Akasema, "Mama alificha vizuri sana, baba. Sikutaka kumharibia."

Tukakaa hivyo, watu wawili upande wa meno na mmoja upande wa shela, jua linaingia kwa mahali pa mlango. Fundi Zege akapita, akatukuta tumekodolea macho tundu, akatikisa kichwa akaenda zake. Baada ya muda mkono ukarudi. Uzi ulikuwa umeisha, maana mke wangu alikuwa ameanza kushona kitu huko upande wake, pindo la khanga yake mwenyewe nadhani.

Safari hii nilimwachia mkwe bila kujaribu. Kesho nitakwenda na miwani.